Gari Lipoe Pwani, Lipate Joto Milimani

Ndugu msomaji, kama umepata kufika Dar es Salaam na kushuka mpaka Magogoni, mahali pa kivuko cha kwenda Kigamboni, bila shaka umeiona safu ya magari yakingoja pantoni. Tangu Daraja la Nyerere lilipofunguliwa mwaka 2016 magari mengi hupita huko, lakini kwa atokaye katikati ya mji njia fupi ni hii ya maji, basi foleni ingalipo. Mwezi wa Februari jua la saa saba huliwakia bati la gari bila huruma. Hewa ya bahari ni nzito, imejaa unyevu. Abiria wamebanana, gari limesimama, upepo hakuna. Hapo ndipo utakapomsikia dereva akisema, “Jamani, fungueni madirisha, kiyoyozi kimekufa.” Walakini mara nyingi hakikufa.

Labda utasema: mambo hayo ni ya watu wa mjini, sisi wa kijijini yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Siku hizi ukoo mmoja, au kikundi cha wakulima, huchanga fedha za kahawa, za chai au za viazi, wakanunua gari dogo la abiria, pengine Toyota HiAce iliyokwisha kutumika miaka mingi huko Japani na kushushwa katika bandari ya Dar es Salaam. Gari hilo huwapeleka wagonjwa hospitali, huwarudisha wanafunzi shuleni, huwaleta wageni wa arusi. Nazo fedha za kulitengeneza hutoka katika mfuko ule ule wa ada za watoto. Nyingi kati ya hizo hupotea bure kwa sababu mwenye gari hajui analolipia. Basi leo tuseme habari za sehemu moja ya gari ambayo watu huielewa kidogo sana: vyombo vya kupoza hewa na vya kuipasha joto.

MPAGAZI WA JOTO

Neno la kwanza la kushika ni hili: kiyoyozi hakitengenezi baridi. Kazi yake ni kulichukua joto lililo ndani ya gari na kulitupa nje. Ni mpagazi, naye mzigo wake ni joto.

Mwaka 1902 mhandisi kijana wa Marekani, jina lake Willis Carrier, alibuni mashini ya namna hii kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn, New York. Wala hakuwa akitafuta raha ya watu. Karatasi za kiwanda zilikuwa zikivimba kwa unyevu, na rangi hazikukaa mahali pake. Jina hilo la Carrier maana yake ni mchukuzi. Nayo Kariakoo yetu ilipata jina lake kwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Majina hayo yamekutana kwa bahati tu, lakini mwenye kununua vipuri vya kiyoyozi Kariakoo aweza kulikumbuka kwa urahisi jambo hili la upagazi.

Je, mpagazi huyu hubebaje joto? Tazama mtungi wa maji nyumbani kwako. Maji hupenya kidogo kidogo katika udongo wake, yakafika nje, yakakauka. Na kwa kukauka huko maji yaliyobaki ndani hupoa. Au kumbuka ulipopakwa spiriti mkononi kabla ya kupigwa sindano: uliona baridi, ingawa chupa ya spiriti ilikuwa na joto lile lile la chumba. Sababu ni moja. Kitu cha majimaji kikigeuka kuwa mvuke hunyakua joto la kile kilicho karibu nacho.

Katika kiyoyozi cha gari kazi ya spiriti hufanywa na gesi. Magari mengi yaliyotengenezwa tangu katikati ya miaka ya 1990 hutumia gesi iitwayo R134a, nayo huchemka penye nyuzi 26 chini ya sifuri. Mahali ambapo maji yangeganda kuwa barafu, gesi hii inatokota! Basi ikiachiliwa ndani ya vibomba vyembamba vya evaporeta, nyuma ya dashibodi, hugeuka mvuke mara moja na kulinyakua joto la hewa ya gari. Kisha kompresa, inayozungushwa na injini kwa mkanda, huivuta na kuibana kwa nguvu. Nawe unajua jinsi pampu ya baiskeli inavyopata moto mtu anapojaza upepo. Vivyo hivyo gesi iliyobanwa huwa ya moto sana. Huenda mpaka kwenye kondensa, ambayo ni kama rejeta ya pili, nayo mara nyingi huwekwa mbele ya gari. Hapo upepo wa nje huondoa joto lile, gesi ikawa majimaji tena. Mwisho hupita katika tundu dogo, ikarudi kwenye evaporeta kuanza safari upya.

Sasa utaelewa habari ya Magogoni. Gari likienda mbio, upepo wa barabarani huipoza kondensa. Likisimama kwenye foleni, upepo hakuna, na kazi yote yabaki kwa feni. Ikiwa feni imeungua, au fyuzi yake imekatika, au kondensa imezibwa na vumbi na wadudu wa safari, joto halina pa kutokea. Kwa hiyo shika dalili hii: kiyoyozi kinachopoza vizuri njiani na kutoa hewa ya moto gari likisimama, mara nyingi ni mgonjwa wa feni au wa uchafu. Anza na fyuzi. Tazama kama feni inazunguka kiyoyozi kikiwashwa. Osha kondensa kwa maji yanayotiririka polepole. Bomba lenye nguvu la waosha magari huzikunja zile bati nyembamba, zikaziba kabisa. Kuosha hakukugharimu kitu, lakini kompresa iliyokufa kwa kubana gesi iliyokosa kupozwa itakugharimu mbuzi kadhaa.

Na yale maji yanayodondoka chini ya gari lililosimama? Wengine huogopa, wakadhani rejeta inavuja. Hayo ni unyevu wa hewa ulioshikwa na baridi ya evaporeta, kama umande unavyoshika chupa ya soda baridi. Pwani ni mengi sana. Ukiona yamekauka nje na zulia la ndani limelowa, basi mpira wa kuyatolea umezibwa na vumbi. Uzibue, la sivyo gari litanuka uvundo.

GESI HAILIWI

Hapa ndipo fedha nyingi zinapopotea. Mwenye gari huenda kwa fundi, akaambiwa, “Mzee, gesi imekwisha. Tujaze.” Mzee analipa, gari linapoa, watu wanafurahi. Mwezi wa pili hewa ni ya moto tena. Anarudi. “Mzee, gesi imekwisha.” Analipa tena.

Nakuuliza, msomaji: gesi hiyo imeliwa na nani? Petroli huungua, tairi huisha kwa kusuguliwa na barabara. Lakini gesi ya kiyoyozi haiungui wala haisuguliwi. Huzunguka katika mabomba yaliyofungwa, kama damu mwilini. Ni kweli kwamba hutoka kidogo sana katika mipira kwa muda wa miaka, na gari la miaka mingi laweza kuhitaji kuongezwa. Ila ikiisha kwa miezi miwili, pana tundu. Kuijaza pasipo kuziba tundu ni kuteka maji kwa pakacha.

Basi kabla ya kulipia gesi, mwulize fundi kwa adabu, “Fundi, ile ya kwanza ilitokea wapi?” Fundi wa kweli hatakasirika. Gesi husafiri pamoja na oili ya kulainisha kompresa, kwa hiyo penye tundu huonekana mafuta yaliyoshikwa na vumbi. Wewe mwenyewe waweza kuyatafuta ukiwa na tochi: kwenye maungio ya mabomba, mbele ya kompresa karibu na puli, na katika kondensa iliyopigwa na mawe. Magari mengi ya abiria yana evaporeta ya pili huko nyuma ili watu wa viti vya mwisho nao wapoe, na mabomba yake hupita chini ya sakafu. Huko ndiko matope ya vijijini na hewa ya chumvi ya pwani hufanya kazi yao kwa siri. Mwambie fundi apake povu la sabuni penye mashaka. Likitoa mapovu, mwizi amekamatwa.

Kuna kipimo kingine ambacho yafaa kila mwenye gari akijue. Bomba lilipofunguliwa, hewa na unyevu viliingia, navyo ni sumu ya kiyoyozi: unyevu huganda katika lile tundu dogo na kuliziba, tena huozesha vyuma. Kwa hiyo kabla ya kujaza, sharti fundi afunge pampu ya kunyonya hewa na kuiacha ifanye kazi yapata nusu saa. Kisha huizima. Simama hapo uitazame sindano ya geji. Ikitulia mahali pake, mabomba ni mazima. Ikipanda, bado pana tundu, wala hakuna haja ya kujaza kitu siku hiyo. Fundi asiye na pampu hiyo, anayefungua chupa na kujaza gesi juu ya hewa, mpe mkono wa kwa heri.

Wengine, kwa kutafuta urahisi, hujaza gesi ya kupikia. Ati nayo hupoza! Hupoza kweli, lakini huwaka moto. Evaporeta iko mbele ya abiria; ikivuja na cheche ikatokea, watu wote wamo ndani. Usikubali jambo hili asilan, hata ukipewa bure.

Wala R134a yenyewe haifai kuachiliwa ovyo hewani. Gesi ya zamani, R12, ilikomeshwa kwa sababu iliharibu tabaka la ozoni, ambalo hutukinga na mionzi mikali ya jua. Mataifa yalipatana hivyo huko Montreal mwaka 1987. R134a haiharibu ozoni, lakini kilo moja yake huzuia joto la dunia lisitoke kuliko kilo elfu moja za hewa ya ukaa. Ndiyo maana mwaka 2016 mataifa yalikutana hapa jirani, Kigali, yakakubaliana kupunguza matumizi ya gesi za jamii hiyo hatua kwa hatua. Mkulima anayeona mvua zikibadili majira yake hahitaji kuelezwa mengi. Fundi mwenye mashini ya kuvuta gesi na kuihifadhi humwekea mwenye gari akiba pia, maana gesi ile ile hurudishwa.

Ukilazimika kununua kompresa iliyokwisha kutumika, huko Kariakoo na Gerezani utazikuta zimepangwa kama nazi. Chagua ile ambayo matundu yake yamefungwa kwa vizibo. Iliyokaa wazi imekunywa unyevu na mchanga. Zungusha puli kwa mkono; isikwaruze. Chovya kitambaa cheupe tunduni: oili safi ni dalili njema, lakini oili nyeusi yenye chembe za chuma yakuambia kwamba kompresa hiyo imejila yenyewe. Tena nunua kikaushio kipya, kile kichupa kinachofyonza unyevu. Bei yake si kubwa, na cha zamani kimekwisha shiba.

SASA TUPANDE MILIMANI

Gari lile lile lililotoka jasho Magogoni alfajiri, usiku liko Njombe, karibu mita 2,000 juu ya bahari, ambako mwezi wa Julai baridi ya usiku hushuka chini ya nyuzi 10. Sasa abiria hawataki kupozwa. Mama amemfunika mtoto kwa khanga mbili. Dereva anafungua hita, nayo inatoa hewa ya vuguvugu tu. Kwa nini?

Hita ni kitu chepesi kukielewa. Ni rejeta ndogo nyuma ya dashibodi. Maji ya moto ya injini hupita ndani yake, feni ikapuliza hewa juu yake. Joto hilo ni la bure, maana injini ingelitupa nje hata hivyo. Lakini sharti maji yawe ya moto kweli, na mlinzi wa joto la maji ni kidude kimoja kidogo kiitwacho thamostati. Injini ikiwa baridi, hufunga njia ya kwenda kwenye rejeta kubwa ili maji yapate moto upesi. Yakifika kadiri ya nyuzi 82, hufungua.

Basi mafundi wengi wa pwani huing’oa thamostati na kuitupa. “Hiki ni kitu cha Ulaya,” husema, “huku kwetu joto latosha.” Mimi naona neno hili limewagharimu watu wetu kuliko wezi wa vipuri. Injini isiyo na thamostati hukawia kupata moto. Hula petroli au dizeli zaidi, na oili yake hushika unyevu na kuchakaa upesi. Huko milimani hita haifai kitu. Tena katika injini nyingi kuing’oa hakuondoi hata kuchemka, kwa kuwa thamostati ikifunguka huziba pia njia ya mkato. Ikiondolewa, sehemu ya maji huzunguka bila kupita kwenye rejeta. Kama gari linachemka, ugonjwa uko kwingine: rejeta imeziba, feni haivuti, pampu ya maji imechoka, au mfuniko haushiki. Kadhalika wengine huikata mipira ya hita na kuiunganisha pamoja kwa sababu ilivuja. Unaponunua gari, washa hita hata kama uko Dar es Salaam na jasho linakutiririka. Wauzaji watakucheka. Waache wacheke.

Kuna faida nyingine ambayo madereva wazee waijua. Ukipanda Kitonga na mshale wa joto unaanza kupanda nawe, zima kiyoyozi, fungua madirisha, uwashe hita na feni yake mpaka mwisho. Abiria watalalamika, lakini hita sasa imekuwa rejeta ya msaada, na huenda ikakufikisha juu. Ikishindwa, simama. Usifungue mfuniko wa rejeta maji yakiwa bado ya moto, yataruka usoni.

Ukungu wa kioo nao ni jambo la kufa na kupona. Mvua inanyesha, watu kumi na zaidi wanapumua, kioo cha mbele chawa cheupe, na dereva anafuta kwa mkono huku akishika usukani kwa mwingine. Dawa ni kuviwasha vyote viwili pamoja, kiyoyozi na hita, na kuelekeza hewa kwenye kioo. Kiyoyozi hukausha hewa, hita huipasha moto, na ukungu huondoka upesi. Tazama pia kitufe chenye picha ya gari na mshale unaozunguka ndani. Hicho huzungusha hewa ile ile ya ndani. Chafaa penye vumbi, au ukitaka kupoa haraka, lakini penye ukungu kizime ili hewa ya nje iingie. Na hata katika miezi ya baridi washa kiyoyozi yapata dakika kumi kila juma, ili oili izunguke na mipira ya kompresa isikauke.

Yabaki maneno juu ya watoto na wanaolala garini. Usimwache mtoto ndani ya gari lililofungwa juani, hata kwa kwenda kununua mkate tu. Katika dakika 10 joto la ndani laweza kuongezeka kwa nyuzi 10, na mwili wa mtoto hupata moto upesi kuliko wa mtu mzima. Wala mtu asilale garini injini ikiwaka, kwa kutaka joto au kwa kutaka ubaridi. Moshi wa injini una gesi ya monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu. Huingia kwa matundu ya sakafu na kumwua mtu usingizini.

Maji matupu katika rejeta na hita huleta kutu, kwa hiyo tumia kulanti, iliyochanganywa na maji safi kama kopo linavyoagiza. Dawa hiyo mara nyingi ina ladha tamu, nayo ni sumu kali: kiasi kidogo chaweza kumwua mtoto au mbwa. Ikimwagika, mwagia maji mengi na kupafukia kwa mchanga. Inayobaki usiitie kamwe katika chupa ya soda. Iache katika kopo lake, andika SUMU kwa herufi kubwa, ulifungie mahali pa juu asipofika mtoto.